Piga Hodi Kabla ya Kuingia: Ushauri wa Safari ya Gari kutoka Black Hills hadi Yellowstone

Mara ya kwanza nilipoendesha gari kutoka Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, kwenda magharibi nilikuwa na siku sita, gari la kukodi, rafiki mmoja na maeneo kumi na manne niliyoyatia alama kwenye ramani ya simu. Tuliyafikia yote. Nilirudi nyumbani na mamia ya picha, lakini jambo nililolikumbuka kwa uhakika lilikuwa harufu ya breki zinazoungua. Miaka mitatu baadaye nilipita njia ile ile nikiwa na mume wangu, mtoto wetu wa kiume wa miaka tisa, na mama yangu mzazi aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Kondoa. Safari hiyo ya pili ilichukua siku kumi na mbili na tulifika maeneo sita tu. Ninayoyaandika hapa yametokana na tofauti iliyokuwepo kati ya safari hizo mbili, nami nayaandika kwa sababu ndugu na marafiki wengi waishio huku huniuliza kila ifikapo Mei waende vipi, wabebe nini na waanzie wapi.

Niseme mapema ninachokiamini. Nchi ile ya milima, ng'ombe na maeneo matakatifu ya makabila ya wenyeji wa asili hutazamwa na wasafiri wengi kana kwamba ni pori lisilo na mwenyewe, ilhali kila bonde, kila uzio na kila mwamba una wenyewe, na wenyewe hao wana taratibu zao. Anayepiga hodi hupokelewa vizuri, na mara nyingi huonyeshwa yasiyoandikwa kwenye vibao. Anayeingia kwa kishindo huambulia picha.

Kwanza kabisa, ramani inadanganya. Kutoka Minneapolis hadi Rapid City, mlangoni mwa milima ya Black Hills, ni zaidi ya kilomita 900 za barabara kuu namba 90, na hapo ndipo safari yenyewe inapoanza. Jimbo la Wyoming peke yake ni kubwa kuliko Uganda, lakini wakazi wake hawafiki laki sita. Maana yake kwa dereva ni kwamba kituo cha mafuta kinachofuata kinaweza kuwa mbali kuliko unavyodhani, kwa hiyo tenki likifika nusu, jaza. Simu hupoteza mtandao kwa saa nzima au zaidi, hivyo pakua ramani kabla ya kuondoka na ubebe nyingine ya karatasi. Ukiwa katikati ya South Dakota saa hurudi nyuma kwa saa moja, jambo linalompa msafiri wa magharibi saa ya bure na kumnyang'anya wakati wa kurudi. Msimu mzuri ni kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, kwa kuwa barabara kadhaa za juu hufungwa kwa theluji majira ya baridi. Hata Julai usiku wa milimani unaweza kukaribia nyuzi sifuri. Mama alikuwa amebeba vitenge vitano na sweta mbili, nikamcheka. Ilipofika siku ya nne mimi ndiye niliyekuwa nimejifunga vitenge viwili miongoni mwa vyake.

Jambo la pili la maandalizi ni lugha. Wengi wetu tulikua tukisikia neno "Wahindi Wekundu", na bado linatutoka mdomoni bila ubaya wowote. Liache nyumbani. Watu utakaokutana nao ni Walakota, Wacheyenne, Waarapaho, Washoshone na Wakrow, ambao wenyewe hujiita Apsáalooke, na kila kabila lina lugha yake, serikali yake na kumbukumbu zake, nyingine zikiwa za uhasama na jirani zake. Mtanzania hahitaji kufundishwa somo hili kwa kirefu, maana hakuna Mrangi anayependa kuitwa Msandawe eti kwa kuwa wote wanatoka pande za Kondoa.

Black Hills, ambayo Walakota huiita Paha Sapa, ndiyo kituo cha kwanza. Wageni wengi huenda moja kwa moja kwenye Mount Rushmore, ambako nyuso za marais wanne zilichongwa kati ya mwaka 1927 na 1941. Nenda ukitaka; nusu saa inatosha. Lakini ujue kabla ya kufika kwamba Walakota waliuita mlima huo Mababu Sita, na kwamba mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliwaachia milima yote hiyo. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1874, na mwaka 1877 Serikali ya Marekani ikaichukua ardhi. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba wenyewe walistahili kulipwa zaidi ya dola milioni 100, ikiwa ni thamani ya ardhi pamoja na riba, na hadi leo fedha hizo hazijachukuliwa kwa sababu wanachodai Walakota ni milima. Mume wangu, ambaye ni mhasibu, alipiga hesabu ya riba akiwa amesimama palepale kwenye maegesho, kisha akakaa kimya.

Kwa anayependa kupanda, kilele cha Black Elk, chenye mita 2,207, ni mazoezi mazuri kabla ya milima mikubwa zaidi. Kilele hicho kilikuwa kikiitwa kwa jina la jenerali mmoja wa jeshi, kikabadilishwa mwaka 2016 na kupewa jina la mwalimu wa kiroho wa Walakota. Anza asubuhi mapema, kwa maana radi za mchana milimani kule hazina mzaha, na kwenye kilele cha mawe matupu hakuna pa kujificha.

Kituo cha pili ni mwamba unaoitwa Devils Tower, ulioko kaskazini-mashariki mwa Wyoming. Unainuka mita 264 kutoka kwenye kitako chake kama kisiki kikubwa cha mti uliokatwa, ukiwa na mifereji mirefu ubavuni kote. Rais Theodore Roosevelt aliutangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1906, ya kwanza ya aina yake Marekani. Walakota huuita Mato Tipila, yaani nyumba ya dubu. Masimulizi ya Wakiowa husema kwamba wasichana saba walikuwa wakikimbizwa na dubu, wakapanda juu ya jiwe na kuliomba liwaokoe. Jiwe likakua kuelekea mbinguni, dubu akaliparura kwa kucha akiwafuata, na ndiyo hiyo mifereji. Wasichana wakawa nyota saba. Nilipomsimulia mama habari hii akaniuliza ni nyota zipi, nikamwonyesha picha kwenye simu, akasema bila kusita, "Si kilimia hiki?" Naam, ni kilimia, zile zile nyota ambazo wazee wetu walizitazama ili kujua wakati wa kulima.

Kuuzunguka mwamba kwa miguu ni njia ya lami ya kilomita mbili tu, na hata mzee huimudu. Njiani utaona vitambaa vya rangi vimefungwa kwenye matawi ya misonobari. Hivyo ni maombi ya watu, kwa hiyo usiviguse na usivipige picha. Mwezi Juni ni mwezi wa ibada, na tangu mwaka 1995 wapanda miamba wamekuwa wakiombwa wasipande mwezi huo kwa hiari yao. Sheria haiwazuii, na wapo wanaopanda. Katika safari yangu ya kwanza nilikwenda Juni, nikawaona wawili wananing'inia kwenye kamba zao, nikawapigia makofi. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa, kwani sikuwa nimesoma hata kibao kimoja.

Kutoka hapo hadi uwanja wa vita wa Little Bighorn, Montana, ni zaidi ya saa tatu za nyika. Mnamo Juni 25 na 26, 1876, Walakota, Wacheyenne na Waarapaho walikipiga kikosi cha saba cha wapanda farasi cha jeshi la Marekani, na Luteni Kanali George Armstrong Custer akauawa pamoja na askari wote waliokuwa naye kwenye kilima. Usitarajie majengo. Ni nyasi, upepo na mawe ya kumbukumbu yaliyosimamishwa pale walipoanguka watu: meupe kwa ajili ya askari, na tangu mwaka 1999 mekundu kwa ajili ya wapiganaji wa makabila. Tafuta jiwe jekundu moja lililo peke yake mtelemkoni, usimame hapo dakika chache ukitazama chini kwenye miti ya mtoni, mahali ilipokuwa kambi kubwa ya akina mama na watoto. Ukisimama hapo utaelewa upande mmoja ulikuwa ukipigania nini.

Kwa zaidi ya karne moja mahali hapa palikuwa na jina la aliyeshindwa. Jina lilibadilishwa kwa sheria ya mwaka 1991, na kumbukumbu ya wapiganaji wa makabila ikazinduliwa mwaka 2003. Jambo linalowachanganya wageni ni kwamba uwanja huo umezungukwa na ardhi ya Wakrow, ambao siku ile baadhi yao walikuwa upande wa jeshi kama wapelelezi, kwa sababu Walakota walikuwa wamekwisha kuwasukuma kutoka kwenye malisho yao. Ndiyo maana nashauri utafute mwongozaji ambaye ni Mkrow. Utasikia habari ambayo haina shujaa mmoja wala adui mmoja. Na kuna mtu mwingine wa kuulizia: Isaiah Dorman, mkalimani mweusi aliyekuwa ameoa katika jamii za upande uliopigana na jeshi, akazungumza lugha yao, na akafa siku hiyo bondeni akiwa na jeshi. Mwanangu hakuacha kuuliza kuhusu Dorman hadi tulipofika hotelini: kwa nini alikuwa upande ule, na je, walimjua waliomuua? Sikuwa na jibu la kumpa.

Ukibahatika kupita wiki ya tatu ya Agosti, Wakrow huwa na tamasha lao kubwa hapo karibu, Crow Fair, na bonde lote hujaa mahema meupe yenye ncha. Taratibu za ngoma hizo ni rahisi: simama wachezaji wanapoingia, vua kofia, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na ukisikia mtangazaji akisema sasa hakuna kamera, zima. Mavazi yale si mapambo ya maonyesho. Mengine yameshonwa na bibi wa mvaaji kwa miaka, kwa hiyo usimshike mtu manyoya wala shanga hata kama umevutiwa vipi.

Sasa nifike kwenye mahali nilipopapenda kuliko pote. Katika milima ya Bighorn, Wyoming, kwenye barabara namba 14A, kuna kilele kinachoitwa Medicine Mountain, na juu yake, mita 2,939 kutoka usawa wa bahari, kuna gurudumu la mawe. Ni mawe ya kawaida ya chokaa yaliyopangwa chini kwa umbo la duara lenye upana wa mita 24 hivi, na kutoka katikati ifikapo ukingoni kuna mistari 28 kama spoki za baiskeli. Makabila mengi huja kuomba hapo hadi leo. Gari huachwa kwenye maegesho, kisha mtu hutembea kilomita mbili na nusu kwenye mgongo wa mlima ambako upepo huvuma bila kukoma.

Katika safari ya kwanza niliikimbia njia hiyo kwa dakika ishirini na tano kwa sababu tulikuwa na maeneo mawili mengine siku hiyo, nikafika nikiwa na kichwa kinachogonga na kichefuchefu, nikapiga picha nne na kugeuka. Wengi wetu tumezaliwa kwenye nchi ya Kilimanjaro na tunadhani mita elfu tatu si kitu, lakini mwili uliozoea miaka mingi ya tambarare za Minnesota hauijui Kilimanjaro. Lala usiku mmoja mahali pa mwinuko wa kati, kunywa maji mengi kuliko kiu yako, tembea polepole, na kichwa kikizidi kuuma, shuka. Hakuna dawa inayoshinda kushuka.

Safari ya pili tulitumia saa moja na nusu. Mama, mwenye miaka sitini na sita na miguu iliyolima mtama maisha yake yote, alitembea kwa hatua zile zile tangu mwanzo hadi mwisho, huku mimi nikisimama kila mara kwa kisingizio cha kutazama maua. Gurudumu limezungushiwa kamba, na kwenye kamba hiyo kuna vitambaa vyekundu, vya njano na vyeupe, manyoya, shanga, vifungu vya tumbaku na picha ndogo ya kijana aliyevaa sare ya jeshi. Hakuna aliyekuwa amemwambia mama lolote. Hatua kama kumi kabla ya kamba alisimama, akajitanda kitenge kichwani vizuri, akateremsha sauti. "Mwanangu, hapa pana wenyewe," akaniambia. Kwetu Kolo, penye michoro ya mapangoni, wapo wazee ambao bado hupanda Mongomi kwa matambiko ya mvua na ya wagonjwa, na mama, ingawa ni Mwislamu wa swala tano na hayashiriki hayo, amelelewa akijua kwamba mtu hapiti mahali kama hapo akipiga mluzi.

Utaratibu ni kuzunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa, gurudumu likiwa mkono wako wa kulia. Mama aligundua mara moja kwamba ni kinyume cha tawafu. Usivuke kamba. Usiongeze sarafu wala kitambaa chako ukidhani unashiriki, na usiokote hata kokoto. Ukikuta watu wako kwenye ibada utaombwa usubiri, nawe usubiri kwa mbali bila kuinua simu. Siku hiyo tulisubiri kwa muda mrefu familia moja imalize. Walipopita wakishuka, mzee wao aliitazama nguo ya mama, akagusa ukingo wa kofia yake na kuinamisha kichwa, na mama akamrudishia salamu kwa mkono kifuani. Hawakuwa na neno moja la lugha waliloshirikiana.

Kuhusu zile breki. Barabara ya 14A inaposhuka upande wa magharibi kuelekea mji wa Lovell ina miteremko ya asilimia 10, na imewekewa njia za dharura za kusimamishia malori yaliyokatikiwa breki. Mimi, dereva wa tambarare, niliteremka mguu wangu ukiwa juu ya breki muda wote. Katikati ya mlima nikasikia harufu kama ya mpira ulioungua, nikaona moshi kwenye gurudumu la mbele, na kanyagio likawa laini kama sifongo. Tuliingia kwenye sehemu ya kupumzikia, na rafiki yangu alikuwa ameshafungua chupa ya maji ili amwagie gurudumu. Pikapu iliyokuwa inavuta tela la farasi ikasimama nyuma yetu. Akashuka bwana mmoja mwembamba mwenye kofia pana na mkanda wenye bizimu kubwa la fedha, akasema kwa utulivu tusimwage maji, kwa kuwa chuma chenye moto wa namna ile kikimwagiwa maji hupinda. Akatuonyesha kwenye gari letu wenyewe mahali pa kushusha gia, akatuambia tukae hadi magurudumu yapoe kabisa, kisha tuteremke kwa gia ndogo tukigusa breki kwa vipindi vifupi, kwa nguvu, na kuiachia. Alikaa nasi muda wote huo. Sikujua jina lake. Kwa hiyo ukiteremka mlima mrefu, weka gia ya chini kabla mteremko haujaanza, maana ukingoja harufu umechelewa.

Huyo ndiye alikuwa kauboi wangu wa kwanza wa kweli, na kutoka hapo unaingia kwenye nchi yao. Mji wa Cody ulianzishwa mwaka 1896 na watu waliomshirikisha William Cody, yule aliyejulikana kama Buffalo Bill. Una jumba lenye makumbusho matano ndani yake, mojawapo likihusu makabila ya nyika. Litengee siku nzima, na uanzie huko kabla ya kwenda kwenye onyesho la usiku. Utajifunza kwamba kazi ya kauboi ilirithiwa kutoka kwa wachunga ng'ombe wa Mexico, na kwamba enzi yao kuu, ya kuswaga ng'ombe kutoka Texas kwenda kaskazini, ilidumu miaka ishirini hivi tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Seng'enge iliyoanza kusambaa baada ya mwaka 1874 na majira ya baridi kali ya 1886 hadi 1887, yaliyoua mifugo kwa maelfu, ndivyo vilivyoifunga. Wanahistoria hukadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Bill Pickett wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1870, ndiye aliyeanzisha mchezo wa kumrukia maksai kutoka juu ya farasi na kumwangusha. Yeye alimwangusha kwa kumng'ata mdomo.

Rodeo ya Cody, yaani mashindano ya makauboi, hufanyika kila usiku kuanzia Juni mosi hadi mwisho wa Agosti, saa mbili usiku, jua likiwa bado linaonekana. Ili uifurahie, elewa hesabu yake: mpanda fahali lazima akae sekunde nane akijishikilia kwa mkono mmoja, na ule mwingine ukigusa mnyama, amekosa. Alama ni 100, nusu ya mpandaji na nusu ya fahali, kwa hiyo fahali mpole humnyima mtu ushindi. Mwanangu alishangilia hadi sauti ikapotea. Mama alitazama kwa makini ya mfugaji, akauliza yule dume amekosa nini, akauliza kama wale ndama wanaofungwa kamba wananyonya vizuri, na mwisho akatoa uamuzi kwamba vijana wanajua kazi ila ng'ombe wanapotezewa muda. Mimi nakubaliana naye nusu. Mchezo wa kufunga ndama ulinikaa vibaya, na sioni sababu ya kujifanya nimeupenda wote.

Ukitaka kupanda farasi, ziko ranchi zinazopokea wageni. Vaa suruali ndefu na kiatu chenye kisigino, ili mguu usipenye kwenye kikuku cha kukanyagia. Utaulizwa uzito wako mbele ya watu. Sema ukweli, maana ni kwa ajili ya farasi. Urefu wa vikuku uurekebishe kabla ya kuondoka, kwani mimi niliona haya kusema kwamba vyangu ni vifupi, na kwa siku mbili zilizofuata nilipanda ngazi kwa kushika ukuta. Ukipita kwenye malisho, geti ulilolikuta limefungwa lifunge, na ulilolikuta wazi liache wazi, hata kama huelewi sababu. Ng'ombe wakiwa barabarani, ngoja bila honi, kama ambavyo ungengoja kwetu.

Kutoka Cody hadi lango la mashariki la Yellowstone ni kilomita themanini na kidogo. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1872, haifiki ukubwa wa Serengeti lakini ina milima, maziwa na chemchemi za moto ambazo si rahisi kuziona kwa siku mbili. Tenga siku nne. Ulale ndani au karibu na lango, na uweke nafasi miezi mingi kabla. Viingilio hubadilika, na kama ilivyo kwetu, katika baadhi ya hifadhi mgeni asiye mkazi hulipa zaidi, kwa hiyo beba kitambulisho cha ukaazi kama unacho. Hicho kitambulisho kibebe popote kwa ujumla. Wanaoniuliza kama mtu mweusi yuko salama huko huwajibu hivi: tulitazamwa sana kwenye migahawa ya miji midogo, tulisaidiwa mara nyingi zaidi, na usiku hatukuendesha gari, kwa sababu yetu wenyewe na kwa sababu ya kulungu barabarani.

Ndani ya hifadhi, hatari kubwa ziko mbili, na dubu si ya kwanza. Chemchemi za moto zimeumiza na kuua watu wengi kuliko kitu kingine chochote cha asili pale, kwa kuwa ardhi inayozizunguka ni gamba jembamba juu ya maji yanayochemka. Usitoke kwenye njia za mbao, na mtoto umshike mkono. Ya pili ni baisoni, ambaye amejeruhi watu kuliko mnyama mwingine yeyote wa hifadhi hiyo. Anaonekana kama ng'ombe aliyesinzia, lakini hukimbia mara tatu ya kasi ya binadamu. Kaa mita 23 mbali naye, na mita 91 mbali na dubu na mbwa mwitu. Hao mbwa mwitu si hawa wetu wa madoadoa. Ni wakubwa, wa kijivu, na walirejeshwa hapo mwaka 1995 baada ya kuangamizwa miongo mingi kabla. Waone alfajiri kwenye bonde la Lamar, kwa darubini.

Kwa dubu, nunua kopo la pilipili ya kupuliza. Hairuhusiwi kwenye ndege, hivyo inunuliwe huko huko. Livae kiunoni mahali pa kufikia kwa mkono mmoja, na ujifunze kuondoa kizuizi chake kabla ya kuingia msituni. Humpulizii mtoto mwilini kama dawa ya mbu. Inapulizwa mbele ya dubu anayekujia. Tembeeni watatu au zaidi mkiongea kwa sauti. Sisi tuliimba kaswida na nyimbo za harusi, na hatukumwona dubu hata mmoja kwenye njia za miguu.

Hapa pia uliza wenyewe ni akina nani. Makabila 27 yana uhusiano na ardhi hiyo, na mwaka 2022 mlima mmoja ulio mashariki ya ziwa, uliokuwa ukiitwa kwa jina la afisa aliyeshiriki kuwaua Wapiegan mwaka 1870, ulipewa jina la First Peoples Mountain. Na ukiwa kwenye ngazi nyeupe za mawe za chemchemi ya Mammoth, ukumbuke kwamba mwaka 1896 askari weusi wa kikosi cha miguu cha 25 walifika hapo kwa baiskeli kutoka Fort Missoula. Picha yao wakiwa wamesimama na baiskeli zao juu ya mawe yale ipo, na mwanangu alitaka tusimame palepale. Njia za mbao zilituzuia, tukasimama karibu.

Ushauri wa mwisho ni wa jikoni. Beba deli la barafu, mchele, unga na jiko dogo, maana migahawa ndani ya hifadhi ni ya bei na foleni ni ndefu. Chakula chote kilale ndani ya gari lililofungwa au kwenye sanduku la chuma la kambini, kwa ajili ya dubu. Lakini usibebe maharage makavu. Kwa mwinuko ule maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 93 hivi, na maharage hayaivi kwa haraka unayoijua. Mama alikataa kuamini. Aliyabandika saa kumi na moja jioni, akaongeza maji mara nne, akalilaumu jiko, akalilaumu sufuria, akayalaumu maharage ya Marekani. Tulikula saa nne usiku, tukiwa tumejifunga vitenge, kilimia kikiwa bado hakijachomoza.